Kanini na Nafasi Namba Moja

Wanaonunua miche ya maembe na machungwa pale Mukuyuni humsikia Kanini kabla ya kumwona. Kitalu chake kiko nyuma ya ua wa michongoma, hatua chache kutoka sokoni, na mara nyingi mteja humkuta ameinama katikati ya miche, simu ameibana kati ya sikio na bega, anafoka: "Huyo beki hana miguu! Nimesema hana miguu!" Mgeni hudhani kuna kesi ya shamba. Kumbe ni mpira.

Si mpira wa kucheza. Kanini hajawahi kupiga hata chenga moja tangu azaliwe. Ni ule mpira wa kuwa na timu simuni, ambao vijana huuita fantasi. Unachagua wachezaji wa kweli wanaocheza viwanjani, unawafanya wako kwa mdomo tu, na Jumamosi mmoja wao akifunga bao huko aliko, wewe huku unavuna pointi. Zamani Kanini na wenzake walikuwa wakichagua wachezaji wa Ulaya kama watu wengine wote. Lakini wale wa Ulaya walikuwa na kasoro moja kubwa: hata uwapigie kelele namna gani, hawasikii. Ndipo Mutisya, mwenye duka la simu, akatoa wazo kwamba wawachague wachezaji wa ligi ya hapa hapa, ile yenye vilabu vinane kuanzia Mukuyuni mpaka Malili na Kiboko. Hao mtu anaweza kukutana nao sokoni akawauliza vizuri kwa nini hawakutoa pasi.

Walikuwa washiriki wanane, wengi wao watu wa kanisa, kwa hiyo pesa haikuwekwa. Evanson, mume wa Kanini na shemasi, alilichunguza jambo hilo kwa makini kabla ya kulikubali.

"Sasa, Mama Sandra," aliuliza, "huyo anayeshindwa anapoteza nini?"

"Wikendi yake," Kanini akajibu. "Tunanunua mbuzi pamoja. Wa mwisho ndiye anachoma na kuosha sufuria."

Evanson akafikiri. "Hiyo si kamari. Hiyo ni ushirika."

Basi msimu uliopita, aliyechoma mbuzi na kuosha sufuria alikuwa Kanini.

Lakini wa mwisho alikuwa na zawadi moja. Kwa kuwa kila mchezaji aliruhusiwa kuwa na mwenyewe mmoja tu, ilibidi watu wachague kwa zamu, na zamu ndiyo iliyokuwa utajiri wote. Aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye aliyepewa nafasi ya kusema mapema: mimi nataka kuchagua wa kwanza, au wa nne, au wa nane. Wengine wangegawana nafasi zilizobaki, kuanzia aliyekuwa wa pili kutoka chini. Huyo alikuwa Mutisya.

Mtu akisikia hivyo anashangaa. Nani atakataa kuwa wa kwanza? Ila zamu zenyewe zilienda kama nyoka. Mzunguko wa kwanza ulianza kwa namba moja ukashuka mpaka nane. Wa pili ulianza kwa nane ukapanda hadi moja, halafu ukashuka tena, hivyo hivyo mpaka kila mtu awe na wachezaji sita, kipa mmoja akiwemo. Namba nane hungoja sana, lakini zamu ikimfika anachota wawili kwa mpigo. Namba moja anachukua ua la bustani, kisha anakaa akitazama wenzake wakimaliza bustani.

Kanini hakuhitaji kuelezwa. Kwao walizaliwa tisa, yeye akiwa kitinda mimba. Hata jina lake kwa Kikamba ni kusema kadogo. Siku ya Krismasi mama yao aligawa nyama kwa namna hiyo hiyo. Mara ya kwanza alianza na Kalondu, kifungua mimba, akateremka sahani kwa sahani mpaka kwa Kanini. Mara ya pili alianza na Kanini akapanda. Kwa hiyo Kanini alipata vipande viwili vikifuatana, shingo na kipande cha mfupa kwa mfano, vikajaza sahani vizuri tu. Kalondu alipata paja, akalimaliza, kisha akakaa akimeza mate. Kwa hesabu ya tumbo, mdogo hakuonewa hata kidogo. Lakini Kanini hakuwahi kuonja paja.

Wiki ile ya kuchagua nafasi, kitalu kilipata wageni wengi kuliko msimu wa mvua. Mutisya alikuja na soda baridi, akaketi juu ya debe lililopinduliwa.

"Kanini, mimi ni rafiki yako. Chukua namba moja. Utampata Ngure. Ukishampata Ngure, wengine ni kusindikiza tu."

Ngure alikuwa mshambulizi wa Malili, kijana ambaye wazazi wake walihamia kutoka Murang'a wakafungua duka la spea kando ya barabara kuu. Mchana aliziba pancha za malori, Jumamosi alitoboa nyavu za watu. Hakukuwa na mwingine wa kumkaribia.

"Na wewe utachukua nafasi gani?" Kanini akamuuliza.

"Mimi? Yoyote. Hata ya nane, si mbaya."

Aliisema hiyo ya nane huku akiangalia mche wa ndimu, na Kanini akaiona.

Mutisya alipoondoka, akaja Wanjiro. Wanjiro aliuza vifaa vya ujenzi mkabala na soko na ndiye aliyekuwa bingwa wa msimu uliopita. Alimwaga misumari juu ya meza ya kupandikizia miche, akaipanga kwa ukubwa.

"Angalia. Msumari mrefu ni Ngure. Lakini hawa wanaofuata, wa pili mpaka wa kumi, wanatoshana. Chukua nane, unapata wawili wa hawa mara moja. Halafu kuna makipa. Ligi ina makipa wanane, sisi ni wanane. Wazuri ni watatu. Ukiwa namba moja, makipa wataisha ukiangalia hivi."

"Kwa hivyo nane?"

"Nane. Mutisya anaitaka mpaka anaota. Mnyime."

Kanini akakubali. Alilala ameamua nane, akaamka ameamua nane, akamwagilia miche ameamua nane. Kisha Kalondu akapiga simu.

Kalondu alikuwa anaishi mjini Wote, na alipiga kuhusu harusi ya binamu yao, nani apike nini na nani akae wapi. Katika kumalizia akauliza kulikuwa na habari gani nyingine, na Kanini, kwa makosa, akamwambia kuhusu nafasi.

Kalondu akacheka, tena kwa upendo kabisa. "Aii, wewe kaa tu nyuma, Kanini. Nyuma umezoea."

Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ndiyo maana maneno yale yalichoma. Kanini alisimama katikati ya kitalu, mpira wa maji ukimwagia kiatu, na zile nane zake zote zikakauka palepale.

Jumapili baada ya ibada washiriki walikusanyika dukani kwa Mutisya, wamebanana kati ya kabati za vioo zenye chaja na vifuniko vya simu. Mutisya akafungua kompyuta yake, akakohoa.

"Kanini Mbithi. Unataka nafasi gani?"

Wanjiro, aliyekuwa karibu na mlango, alimwonyesha vidole vinane waziwazi.

"Ya kwanza," akasema Kanini.

Wanjiro alishusha vidole kimoja kimoja. Mutisya alichukua ya nane kabla pumzi haijamtoka Kanini, na kwa furaha akasahau kuuliza wa tatu anataka nini.

"Chaguo la kwanza la ligi nzima," Mutisya akatangaza. "Kanini!"

"Ngure wa Malili."

Watu wakapiga makofi. Kanini akainamisha kichwa kidogo kama bibi harusi. Ilikuwa tamu, kwa kweli. Ilikuwa tamu kwa muda wa mtu kumaliza andazi. Baada ya hapo akakaa. Namba mbili akachagua, namba tatu akachagua, wakashuka mpaka kwa Mutisya, ambaye alizoa kipa bora na beki bora kwa pumzi moja, halafu wakaanza kupanda taratibu. Kila mara Kanini alipokuwa amemlenga mtu, mtu huyo alitajwa na mwingine. Zamu ilipomrudia, makipa wazuri walikuwa wameisha. Akasema atachukua wa wastani. Wakaja wakaisha wa wastani. Mwishowe nyoka alikuwa amejipinda mara zote, mezani kumebaki chaguo moja la kufunga kazi, nalo lilikuwa la kwake. Kwa maana namba moja, kama Wanjiro alivyokuwa amesahau kumwambia, ndiye huanza na ndiye humaliza.

"Kanini, umebakisha kipa," Mutisya akasema kwa heshima zote. "Na kipa aliyebaki ni mmoja."

"Ni nani?"

"Munyao wa Kiboko."

Duka zima likalipuka kwa kicheko.

Jioni hiyo Mutisya aliweka orodha nzima kwenye status yake ya WhatsApp, kuanzia chaguo la kwanza mpaka la mwisho. Hakufikiri. Wachezaji nao wana simu.

Ngure alifika kitaluni siku mbili baadaye akiwa na miwani ya jua. Kichwani alikuwa amenyolewa mstari mmoja uliosimama wima.

"Mama Sandra. Nimesikia mimi ndio namba moja."

"Ni kweli. Usiniangushe."

"Nikuangushe? Mimi?" Akageuka kuonyesha mgongo. Alikuwa ameshonesha jezi mpya, na mgongoni ilikuwa imeandikwa 1, kubwa kama mlango.

"Ngure, namba moja si huvaliwa na kipa?"

"Zamani," Ngure akasema.

Jumamosi refa alimwambia aende akabadilishe. Ngure akakataa. Kocha naye akamwambia abadilishe. Ngure akamwuliza kocha kama alikuwa ameona status. Kocha, ambaye hakuwa na WhatsApp wala subira, alimkalisha benchi mechi hiyo na iliyofuata. Alipokubali kurudi kwenye jezi yake ya tisa, alikuwa hatoi pasi tena. Alipiga mipira ya adhabu yote, kona zote, na mara moja alikimbilia mpira wa kurusha akamnyang'anya beki wake. Kanini alipata pointi mojamoja, kwa taabu, na simu yake ilipata moto kwa kelele.

Munyao alikuja kwa njia yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyefanya vibarua vya kupalilia kwenye mashamba ya utafiti huko Kiboko. Alisalimia, akazunguka kitalu chote, akachagua mche mmoja wa ndimu, akaulipia, akaushika kifuani kama mtoto. Kisha hakuondoka.

"Mwaitu," akasema, kwa lile neno Wakamba humwita mama kwa heshima. "Ati ni mimi niliachwa mpaka mwisho?"

Kanini alitafuta uongo wa kumfaa, akakosa.

"Ni wewe, Munyao."

"Watu wote wakaisha, nikabaki?"

"Watu wote. Lakini si kwamba hujui kudaka. Shida ni unaongea na watu wakati wa mechi."

"Watu gani?"

"Wale wa nyuma ya goli! Msimu uliopita ulifungwa ukimwelekeza mama mmoja njia ya kwenda zahanati."

Munyao akashtuka, kama mtu aliyesingiziwa. "Na alikuwa amepotea."

Kanini akamwangalia pale na mche wake. Alitaka kucheka, lakini kitu kikamzuia. Alikuwa anaijua ile sura. Ni ya mtu anayehesabu sahani zilizopita mbele yake.

"Sikia," akamwambia. "Mimi ni wa tisa kwa mama yangu. Kuwa wa mwisho hakujaniua. Nitafanya hivi: nina wateja wa miche huko kwenu. Nikiwa nawapelekea siku ya mechi, nitasimama nyuma ya goli lako. Mtu akikuuliza kitu, nitamjibu mimi. Wewe angalia mpira."

Akafanya kweli. Evanson aliendesha pikapu, miche nyuma, na mchana Kanini alijikita nyuma ya nyavu za Kiboko kama askari wa geti. Mtu akimwita Munyao, Kanini anadakia. Mtu akiuliza saa, Kanini anamwambia. Mzee mmoja alitaka kujua kama Munyao amemwona ng'ombe wake mwenye madoa, na Kanini akampeleka pembeni wakajadili madoa mpaka mapumziko. Munyao, kwa mara ya kwanza maishani, aliachwa peke yake na mpira. Hakugeuka malaika. Alifungwa, lakini alifungwa kama makipa wengine wanavyofungwa, na kuna Jumamosi mbili alitoka uwanjani nyavu zake zikiwa safi. Hata hivyo, kuna siku Kanini mwenyewe alimpigia kelele za kumsifu, Munyao akageuka kusema asante, na mpira ukapita. Refa akamwonya Kanini kwa kidole.

Msimu ulikwenda ukingoni namna hiyo. Wanjiro alikuwa ametangulia zamani, hata hakuulizwa. Kilichobaki ni mkia, na mkiani walikuwa wawili. Mutisya na nafasi yake ya nane alikuwa amepata balaa: yule beki wake bora alienda chuo Nairobi katikati ya msimu, na yule kipa bora aliumia bega akipakia magunia ya ndengu. Wachezaji wake walikuwa wameshamaliza mechi zao. Kanini alikuwa mbele yake kwa pointi tatu, na mechi ya mwisho ilikuwa Kiboko dhidi ya Malili. Yaani Munyao dhidi ya Ngure. Wote wake.

Siku hiyo pikapu ilijaa. Mutisya alikuja na daftari, Wanjiro na mahindi ya kuchoma. Jua lilikuwa kali, uwanja mwekundu, vumbi likipanda kila beki anapoteleza. Ngure alipiga mashuti kutoka kila pembe, Munyao akadaka, akapangua, akakanyaga. Dakika za mwisho zikafika hakuna bao. Kisha beki wa Kiboko akaugusa mpira kwa mkono ndani ya eneo, na refa akaonyesha penalti.

Wanjiro aliacha kutafuna. "Kanini, umepona. Akifunga, Ngure ni wako. Akidaka, Munyao ni wako. Hata akipaisha, Munyao hajafungwa, unapata. Huwezi kuanguka."

Mutisya akakubali kwa kichwa, uso umemshuka. Alikuwa tayari anajiona na sufuria.

Evanson alisogea akamnong'oneza mkewe. "Mama Sandra, niombe ifungwe au idakwe?"

Kanini aliwatazama wote wawili. Aligundua hajui. Ngure alikuwa anaweka mpira chini, akiuzungusha zungusha, na kwa mara ya kwanza msimu wote alionekana ana wasiwasi, kijana tu wa kuziba pancha. Munyao alikuwa kwenye mstari, mikono imetanuka, haangalii nyuma.

"Omba tu, Baba Sandra," akasema mwishowe. Kisha akawageukia waliosimama nyuma ya goli. "Na nyinyi, mtu asimuulize huyu kitu!"

Ngure akapiga. Mpira ukaenda chini chini upande wa kushoto, Munyao naye akaruka kushoto, sawasawa kabisa. Lakini haukumfikia. Uligonga mlingoti, ukarudi, ukamgonga Munyao mgongoni akiwa bado hewani, ukadunda mara moja, ukavuka mstari polepole.

Malili wakakimbia kumkumbatia Ngure. Refa akapuliza filimbi, akatoa kitabu chake, na akaandika jina la Munyao.

"Amejifunga!" Mutisya akapiga kelele. "Refa ameandika! Ngure amekosa penalti, toa mbili! Munyao amejifunga, toa mbili! Nne zimeenda, Kanini!"

Wanjiro alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa kuanzia upande mwingine. Akamwekea Kanini mkono begani.

"Sijawahi kuona," akasema. "Kuna mlango mmoja tu wa kuangukia, na umeupata."

Kanini akakaa chini palepale kwenye vumbi. Evanson alidhani analia, akainama kumwinua. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anashindwa kuvuta hewa, na kila akijaribu kusema "mgongoni" kicheko kinaanza upya.

Mbuzi alichomwa Jumamosi iliyofuata nyuma ya kitalu. Kanini alifunga leso kiunoni, akageuza mbavu, akafukuza mbwa. Mutisya alikaa kwenye kiti cha plastiki akiagiza chumvi kama mfalme, mpaka Wanjiro akamwambia yeye ni wa saba kati ya wanane, ufalme wake ni kiti tu. Ngure alikuja bila kualikwa, bila miwani, nywele zimeota zikafunika ule mstari. Alishika kisu akaanza kukata kachumbari.

"Mama Sandra, lile goli ni langu. Nani alipiga? Si mimi? Waambie waandike langu, hutakuwa wa mwisho."

Munyao, aliyekuja na kuku mmoja wa shukrani chini ya kwapa, alisimama getini aliposikia hayo.

"Lako?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakuna aliyewahi kuisikia imepanda. "Refa aliandika nani?"

"Aliandika wewe, lakini hiyo si ni aibu? Nataka kukuondolea."

"Usiniondolee. Nimecheza mpira tangu darasa la nne. Sijawahi kufunga goli, hata la mazoezi. Hilo ni langu. Niliruka, likanigonga, likaingia. Kaeni nalo hivyo hivyo."

Ngure akamtazama Kanini, Kanini akamtazama Munyao, na ile pointi iliyokuwa inaweza kumwokoa na sufuria akaiacha ipite.

"Ni la Munyao," akasema. "Leteni sahani."

Evanson akavua kofia ili abariki chakula, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa nyama na kwa amani baina ya ndugu, huku Munyao na Ngure, macho wamefumba, wakiendelea kubishana kwa kunong'ona kama goli lilianza kwa mguu au kwa mgongo.